Namna ya Kujiunga na Vikundi vya Kusaidiana vya Wagonjwa katika Ulimwengu Pepe Ukiwa Lubumbashi: Mwongozo Kamili

Mtu anayeishi na ugonjwa wa muda mrefu huhitaji watu wawili: daktari anayeujua ugonjwa, na mwenzake anayeuishi. Daktari hupatikana, ingawa kwa foleni na kwa gharama. Huyo mwenzake ndiye adimu, kwa sababu mwenye ugonjwa kama wako anayekaa barabara ya pili kule Katuba anauficha vilevile unavyouficha wewe. Mwongozo huu unaeleza namna ya kumtafuta mwenzako huyo katika ulimwengu pepe wa intaneti, yaani mahali ambapo wagonjwa na walezi wao hukutana na kuketi pamoja bila kutajana majina ya kweli. Mdogo wangu wa kike anaishi na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao hapa Lubumbashi tumezoea kuuita SS, kwa hiyo mifano yangu mingi itatoka huko; lakini njia ni ileile kwa mwenye kifafa, kisukari, saratani, virusi vya UKIMWI au ulemavu wa viungo.

Mahali penyewe ni pa namna gani

Ulimwengu pepe ni mahali palipochorwa ndani ya kompyuta, penye nyumba, bustani, viti na bahari, ambapo kila anayeingia huonekana kwa umbo la kuchorwa liitwalo avata. Unaitembeza avata yako, unaiketisha kwenye kiti, unaandika maneno na waliokaa karibu wanayasoma papo hapo, au unazungumza kwa kipaza sauti wakakusikia. Hakuna kushinda wala kushindwa kama katika michezo ya kompyuta. Unaojulikana zaidi kwa shughuli za afya ni Second Life, uliofunguliwa mwaka 2003 na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco, nchini Marekani, na ambao ungali unafanya kazi.

Wagonjwa waliuingia mapema. Katika miaka yake ya kwanza John Lester, aliyekuwa amefanya kazi na jumuiya za wagonjwa wa mishipa ya fahamu katika hospitali ya Massachusetts General, alianzisha humo kisiwa cha faragha kilichoitwa Brigadoon kwa ajili ya watu wenye usonji, ili wajizoeze kuongea na wenzao mahali pasipo na macho ya kuwakodolea. Mwaka 2005 American Cancer Society ilianza kufanya humo matembezi yake ya kuchangisha fedha dhidi ya saratani. Alice Krueger, mwanamke anayeishi na ugonjwa wa neva unaoathiri mwendo wake, alianzisha Virtual Ability, shirika lisilo la faida ambalo hupokea wageni wenye ulemavu, huwafundisha kutumia Second Life, na huandaa mikutano kuhusu afya ya akili na haki za walemavu.

Nguvu ya mahali hapa ni kuketi pamoja. Kurasa za maelezo kuhusu SS zipo nyingi, na mdogo wangu alikuwa amezisoma tangu shule ya sekondari. Hata hivyo siku alipokaa kwenye benchi la kuchorwa na watu sita, na mmoja wao akaandika kwamba naye hulala amevaa soksi mbili kwa hofu ya maumivu ya alfajiri, aliniita nije nisome. Ukurasa ulikuwa umempa habari za ugonjwa. Benchi lile lilimpa mtu.

Hatua ya kwanza: kujua unakwenda kutafuta nini

Kabla ya kugusa kompyuta, chukua daftari na uandike maswali matatu unayotaka kuwauliza wenzako. Kisha yapitie moja baada ya jingine na ujiulize: je, hili ni swali la mgonjwa mwenzangu au ni la daktari? Kutenganisha huku ndiko kutakakokulinda kuliko tahadhari nyingine zote.

Swali la mwenzako ni kama haya: namna ya kumweleza mwalimu kwamba mtoto lazima anywe maji darasani na aruhusiwe kwenda chooni mara kwa mara, namna ya kumfunika mtoto asubuhi za mwezi wa sita na wa saba, majira ambayo baridi ya Lubumbashi huwaamshia wenye SS maumivu ya mifupa, namna ya kujibu ukoo unaposema kwamba mtoto amerogwa, namna ya kuishi na mume anayemlaumu mke kwa ugonjwa ambao wazazi wote wawili wameurithisha. Hili la mwisho linastahili kukaa daftarini kwa wino mzito: wazazi wawili wenye AS, yaani wanaobeba nusu ya urithi wa ugonjwa bila wao kuugua, wana uwezekano wa moja kwa nne wa kupata mtoto wa SS katika kila mimba, na kila mmoja wao ametoa nusu yake.

Swali la daktari ni dawa, kipimo chake, kuanza kwake na kuacha kwake. Chukua mfano wa haidroksiyurea. Utafiti mkubwa uliofanywa kwa watoto wa SS wa Angola, Kongo yetu, Kenya na Uganda, na ambao Dkt. Léon Tshilolo wa Kinshasa alikuwa miongoni mwa walioongoza, ulichapishwa mwaka 2019 na kuonyesha kwamba dawa hiyo hupunguza maumivu, maambukizi, malaria na vifo. Mwenzako akikueleza hayo, amekutendea wema, kwani unaweza kwenda kumwuliza daktari wako. Lakini akikwambia umpe mtoto vidonge vingapi, amevuka mpaka, maana dawa hiyo hupimwa kwa uzito wa mtoto na huhitaji damu ichunguzwe mara kwa mara wakati wa kuitumia.

Hatua ya pili: vyombo, umeme na mega

Hapa wengi hukata tamaa bure. Ni kweli kwamba Second Life yenye picha kamili hudai kompyuta yenye nguvu na intaneti isiyokatika, nasi tunaishi na umeme wa kuja na kuondoka na mega za intaneti za kununua kwa kuhesabu. Lakini kuna njia mbili za kupunguza mzigo.

Njia ya kwanza ni kupunguza kazi ya picha. Ukishafungua programu, nenda kwenye mipangilio ya michoro uweke kiwango cha chini kabisa. Umbali wa kuona, ambao kwa kawaida huwa mita 128, ushushe hadi mita 64, ili kompyuta isichore majumba ya mbali usiyoyahitaji. Zima muziki na video za mahali. Punguza pia uzito wa avata unaoruhusiwa, ili wenzako waonekane kama vivuli vya rangi moja. Hupotezi kitu, kwa kuwa hukuja kutazama nguo zao. Mara ya kwanza kufika mahali hutumia mega nyingi kuliko mara zinazofuata, kwa sababu picha hupakuliwa na kuhifadhiwa kwenye kompyuta, kwa hiyo usiifute akiba hiyo bila sababu.

Njia ya pili, na ndiyo ninayoipendekeza kwa mwenye kompyuta ya zamani, ni programu ya bure iitwayo Radegast. Hii hukuingiza Second Life kwa maandishi: huoni bustani wala bahari, lakini unaona nani yuko karibu, unasoma wanayoandika na unawajibu. Wasioona huitumia pamoja na programu za kusoma skrini. Kwa kikundi cha kusaidiana, ambapo jambo kuu ni maneno, inatosha kabisa.

Usiniulize mkutano mmoja utakula mega ngapi, kwa sababu inategemea mahali na mipangilio yako, pima mwenyewe. Tazama salio la mega kabla ya kuingia, kaa humo robo saa, toka, tazama tena. Zidisha kwa nne upate matumizi ya saa moja, na ujue kama mfuko wako unaweza kubeba mkutano mmoja kwa wiki au mmoja kwa mwezi. Tumia kompyuta ya kupakata iliyojazwa chaji mchana, na simu iliyojaa chaji kwa ajili ya kugawa intaneti. Umeme ukikatika katikati ya mkutano, hutakuwa umemkosea mtu. Andika mapema, mara tu unapofika, kwamba unaweza kupotea ghafla.

Hatua ya tatu: akaunti, na jina utakalolivaa

Akaunti ya kawaida ya Second Life ni ya bure. Huhitaji kadi ya benki, huhitaji kununua fedha za humo ziitwazo Linden dola, wala kukodi kiwanja. Yeyote anayekwambia kwamba lazima ulipe ili uketi na wagonjwa wenzako, muache.

Fungua kwanza anwani mpya ya barua pepe isiyo na jina lako, kwa ajili ya shughuli hii pekee. Kisha chagua jina la avata kwa subira, kwa sababu kulibadilisha baadaye hugharimu fedha. Lisiwe na jina la ukoo, mwaka wa kuzaliwa, jina la mtaa wala jina la ugonjwa. Jina la utani ambalo jirani zako wanalijua halifai pia. Katika maelezo ya wasifu andika lugha unazozisoma na hali unayotaka kuizungumzia, basi. Picha yako halisi isiwekwe.

Wengine wataona kwamba nazidisha. Fikiria basi tofauti na kikundi cha WhatsApp, ambacho ndicho tulichozoea: humo kila mwanakikundi anaona namba yako ya simu, na mjini kwetu namba ya simu ni jina, ni kazi, na mara nyingi ni jina la kanisa unalosali. Kwa walezi wanaofahamiana tayari, WhatsApp ni nafuu na ni bora, sitawapeleka kwingine. Lakini kwa binti anayeanza kumeza dawa za virusi vya UKIMWI na hajamwambia hata dada yake, au kwa kijana wa kifafa anayeogopa kupoteza kazi, avata humpa jambo ambalo simu haiwezi: yeye ndiye anayeamua nini kijulikane, lini, na kwa nani.

Kuhusu umri, mtoto asiingie mwenyewe; mzazi ndiye aingie na kuleta nyumbani aliyojifunza. Maeneo ya Second Life yamepangwa katika madaraja matatu kulingana na yanayoruhusiwa humo, na daraja la watu wazima lina mambo ya ngono. Kaa katika maeneo ya daraja la jumla.

Hatua ya nne: kuingia na kujifunza kunyamaza

Siku ya kwanza usiende mkutanoni. Nenda mahali pa kujifunzia wageni, kama pale pa Virtual Ability, ujizoeze kutembea, kuketi, kuandika na kutuma ujumbe wa faragha. Jambo moja lazima ulielewe vizuri kabla hujasema neno lolote kuhusu afya yako: maneno unayoyaandika hadharani husomwa na kila avata iliyo ndani ya mita 20 kutoka ulipo, hata ile iliyosimama nyuma ya ukuta. Kunong'ona hufika mita 10, na kupaza sauti hufika mita 100. Ujumbe wa faragha humfikia mtu mmoja tu. Ujumbe wa kikundi huwafikia wanakikundi wote popote walipo. Zoea kutazama unaandika kwenye dirisha gani kabla ya kubonyeza, kama unavyotazama kwanza nani yuko ukumbini kabla ya kusema neno la ndani.

Kanuni za Second Life zinakataza kusambaza mazungumzo ya watu bila ridhaa yao, na hilo ni jema, ila kanuni haimzuii mtu kupiga picha skrini yake. Vilevile programu inaweza kuhifadhi mazungumzo kwenye kompyuta unayoitumia. Ikiwa kompyuta si yako peke yako, zima uhifadhi huo katika mipangilio ya faragha, na usiruhusu nenosiri likumbukwe. Katika duka la intaneti mimi ningesita kabisa kuingia kwenye mkutano wa ugonjwa wenye aibu mjini, kwa sababu aliyekaa kiti cha pili hahitaji kuwa na avata ili asome.

Hatua ya tano: saa za mikutano na lugha yake

Ndani ya programu tafuta kwa jina la ugonjwa, kwanza katika orodha ya vikundi, kisha katika orodha ya matukio. Saa zinazotangazwa ni za pwani ya magharibi ya Marekani. Sisi wa Lubumbashi tuko mbele yao kwa saa 10 wakati wa baridi yao, na kwa saa 9 tangu katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, kwani wao husogeza saa nasi hatusogezi. Hivyo mkutano wa saa nne yao ya asubuhi ni saa mbili usiku kwetu, au saa moja usiku katika miezi hiyo mingine. Huo ni mzuri, watoto wamekwisha kula. Mkutano wa saa kumi na mbili yao ya jioni hutuangukia saa kumi au saa tisa za usiku, na mgonjwa wa SS asiuvunje usingizi wake kwa ajili hiyo.

Lugha ni Kiingereza mara nyingi, nasi wengi wetu tumesomeshwa kwa Kifaransa. Kwa sababu hiyo chagua mikutano ya maandishi; maandishi unaweza kuyanakili na kuyatafsiri kwa programu, sauti hupita kama upepo. Katika mikutano ya Virtual Ability kuna desturi ya kuyaandika yanayosemwa kwa sauti ili wasiosikia wafuate, na desturi hiyo inatufaa sisi pia. Andaa sentensi tano tayari zimetafsiriwa: wewe ni nani katika ugonjwa huu, uko Afrika ya Kati, Kiingereza chako ni kidogo, swali lako, na shukrani. Sijawahi kuona mtu akidharauliwa kwa hilo.

Hatua ya sita: kulipima kundi kabla ya kuliamini

Hudhuria mara mbili bila kusema zaidi ya salamu. Angalia kama kuna mtu anayeongoza, kama sheria za usiri zinasomwa, kama anayelia anaachwa alie au anakatizwa kwa mawaidha. Angalia hasa nini hutokea mtu anapouliza swali la dawa: kundi zuri humrudisha kwa daktari wake.

Nieleze kosa letu. Katika kundi la kwanza tulilojiunga, avata moja iliyovaa koti jeupe ilimtumia mdogo wangu ujumbe wa faragha, ikijitambulisha kuwa ni daktari, ikamshauri aache vidonge vyake vya asidi ya foliki na kununua unga wa mizizi utakaotumwa baada ya malipo. Aliacha vidonge kwa wiki mbili kabla hajaniambia. "Yaya, alivaa kama daktari," alinijibu nilipomwuliza; yaya kwetu ni ndugu mkubwa. Koti jeupe la kuchorwa hupatikana bure katika dakika moja. Tangu siku hiyo tuna kanuni ya nyumbani: ushauri wowote unaokuja kwa faragha kutoka kwa mtu asiyejulikana kundini unasomwa na watu wawili, na hakuna dawa inayoachwa au kuanzwa kabla ya kurudi hospitalini. Anayetaja uponyaji kamili, anayeomba fedha kwa simu, au anayekutaka usimwambie daktari wako, mzuie asikuandikie tena na umjulishe kiongozi wa kundi.

Wakati wa kufunga kompyuta na kukimbia hospitali

Kwa mwenye SS, homa inayozidi nyuzi 38, maumivu ya kifua au kuhema kwa shida, udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili au maneno kuanza kuyumba, tumbo kuvimba upande wa kushoto huku mtoto akipauka, uume kusimama kwa saa kadhaa bila kulegea, au maumivu yasiyotulizwa na dawa za nyumbani, yote haya ni mambo ya hospitali saa hiyohiyo, hata usiku. Usiyapeleke kundini kwanza. Wenzako wa Marekani hawajui barabara ya kwenda hospitali ya Sendwe wala hawawezi kukuitia teksi. Andika namba ya jirani mwenye gari na ya kituo cha afya kwenye karatasi, uibandike ukutani juu ya kompyuta. Hali kadhalika mtu akiandika mkutanoni kwamba anataka kujiua: kaa naye kwa maneno, mwite kiongozi kwa faragha mara moja, na umwulize kama kuna mtu yuko naye nyumbani.

Hatua ya saba: kuingia wengi kupitia kompyuta moja

Njia iliyotufaa zaidi ni ya pamoja. Walezi wanne au watano wanaoaminiana hukutana kwenye nyumba moja Jumamosi, wanachangia mega, wanatumia avata moja yenye jina la wote, na anayejua Kiingereza husoma na kutafsiri kwa Kiswahili huku mwingine akiandika daftarini. Lijulisheni kundi kwamba nyuma ya avata hiyo kuna watu kadhaa; ni haki yao kujua nani anawasikiliza. Mkiona mnahitaji mahali penu wenyewe, kuna OpenSimulator, programu huria iliyoanza mwaka 2007, ambayo fundi anaweza kuiweka kwenye kompyuta moja na wengine wakaingia kwa mtandao wa ndani bila intaneti. Ni kazi ya wanafunzi wa informatiki wenye moyo, na sioni sababu ya kuanzia hapo.

Kumbukeni pia kwamba milango ya walimwengu hawa inashikwa na wenye kampuni. AltspaceVR, ambako watu walikuwa wakikutana kwa miaka, ilifungwa na Microsoft tarehe 10 Machi 2023. Kwa hiyo mkishapata wenzenu wawili au watatu wa kuaminika, badilishaneni anwani zile mpya za barua pepe.

Baada ya kila mkutano tumieni nusu saa mezani kabla ya kutawanyika. Someni yaliyoandikwa daftarini, mweke alama ya D mbele ya kila jambo la kumwuliza daktari na alama ya N mbele ya la kujaribu nyumbani, kila mlezi anakili yake kwa ajili ya kliniki ijayo. Futeni mazungumzo kwenye kompyuta, tokeni kwenye akaunti, na betri irudishwe kwenye chaji kama umeme bado upo.